Dunia Nzima Isipokuwa Zakia

Bi Beya mpendwa, naomba msaada wako, na nakusihi uisome barua hii mpaka mwisho, maana najua barua zinakujia nyingi na watu wengine wanalalamika tu kwa kukosa kazi, lakini mimi nimebanwa kati ya mama mkwe wangu na Mjerumani mmoja ambaye sijawahi kumtia machoni, na sijui ni nani kati yao atakayenimaliza kwanza.

Mimi ni mtu wa Nabeul, hapa hapa Tunisia, nina mke, jina lake Olfa, na kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta kwa kampuni moja ya vigae, yaani naandika programu inayohesabu vigae, na ikishahesabu vigae inahesabu maboksi ya vigae, na hakuna mtu hata mmoja duniani aliyewahi kuniambia, "Ghazi, programu yako imenifurahisha," kwa hiyo jioni nikitoka kazini naandika zangu mwenyewe, zile huria, ambazo msimbo wake uko wazi na kila mtu anaruhusiwa kuzitumia na kuzigeuza bila kulipa, na moja kati ya hizo ndiyo iliyonifikisha hapa.

Mwaka jana, siku ya Mwaka Mpya wa Kiislamu, mama mkwe wangu, Mama Mannoubia, alikuwa kwetu anapika mlukhiya, ule mchuzi mzito wa unga wa majani na nyama unaokaa motoni saa nyingi, na wewe unaijua mlukhiya ya siku hiyo, ikitoka njema mwaka unakuwa wa kijani na ikiharibika watu wanaanza kuhesabu mikosi, basi akatoka mara moja kwenda kuhani msiba kwa jirani, akaniachia chungu, akaniambia, "Mwanangu, koroga na uangalie moto, kazi hii hata paka anaiweza," nami nikakaa kwenye kompyuta dakika mbili tatu, si unazijua dakika za kompyuta, nilipoinua kichwa jiko lilikuwa halionekani kwa moshi. Nikamwandikia kwamba chungu kimeungua kidogo. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti huko huko msibani, akaanza kwa kunong'ona kwa heshima ya marehemu, na heshima yenyewe haikudumu: "Ghazi. Ghazi! Inuka! Inuka hapo ulipokaa! Nimekuachia chungu, sikukuachia mtoto mchanga! Jiko linawaka na wewe umekaa kama gunia la simiti! Binti yangu nimemwoza kwa mwanamume au nimemwoza kwa kiti?" na kadhalika na kadhalika, maana ujumbe wenyewe ni mrefu, na kwa kweli mimi sijawahi kuusikiliza ukavuka pale kwenye kiti, nani anaweza?

Ndipo nikapata wazo, na nakiri wakati ule niliona ni wazo zuri kuliko yote niliyowahi kupata, nikaandika programu ndogo ya kupimia muda wa chungu, unaiambia chungu changu kinataka saa kadhaa, na saa zikitimia badala ya kengele anatoka Mama Mannoubia, tena hanyamazi mpaka uandike kwa vidole vyako mwenyewe maneno "nimeinuka, mama", na usipoandika anafika mwisho halafu anaanza upya. Nikaiweka kwenye ukurasa wangu wa mtandao ili kuwachekesha marafiki. Bi Beya, watu waliipenda! Mreno mmoja mwenye duka la mikate aliniandikia kwamba mikate yake haiungui tena na mke wake anataka kujua yule mama anasema nini, nikamjibu kwamba anawatakia heri, na mwanafunzi mmoja wa Korea akaniambia haelewi hata neno moja lakini akimsikia anajikuta ameshasimama.

Wakaniambia ipeleke Flamingo. Flamingo ni Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta unaotengenezwa na watu wa kujitolea wa kila nchi, nao wana ghala lao la programu, na programu yako ikikubaliwa humo basi mtu yeyote duniani anaandika mstari mmoja tu na inamfikia, na chini yake pameandikwa jina lako kwamba wewe ndiye mtunzaji. Sitakuficha, nililitaka jina langu liwe humo. Nililitaka sana. Nimehesabu vigae vya kutosha.

Lakini kwenye lango la ghala amekaa mwanamke mmoja, Dagmar. Huyu ndiye aliyepangiwa kunikagua, yuko Ujerumani, halipwi hata ndururu, na anafanya kazi kana kwamba kila programu inakwenda kulala chumbani kwa mama yake. Kwanza akanirudishia kifurushi changu kwa sababu hakikuwa na ukurasa wa maelezo, nikauandika, akanirudishia kwa sababu maelezo yalikuwa na utani, nikautoa, akanirudishia kwa sababu kulikuwa na nafasi tupu mwishoni mwa mstari fulani, nafasi tupu, Bi Beya, kitu ambacho hata hakipo! Olfa akawa ananicheka, "Mume wangu, wengine wana mama mkwe mmoja." Nikarekebisha yote, nikaona sasa nimefika, na ndipo Dagmar akaandika: "Bwana Ghazi, kila faili lililomo lazima mwenyewe awe ametoa ruhusa. Hii sauti ni ya nani?"

Nikaenda kwa Mama Mannoubia. Nilimkuta anatunga pilipili kwenye uzi, nikaona hiyo ni dalili njema, maana mikono yake ina kazi.

"Mama, kuna watu wanaipenda sauti yako."

"Watu gani?"

"Wa Ureno. Wa Korea."

"Wameisikia wapi?"

Nikamweleza, nikijua naelekea kufa. Hakunigombeza. Aliuliza jambo moja tu: "Ule ujumbe wa msibani. Umeuweka wote? Mpaka mwisho?"

"Wote, mama, sijakata hata neno," nikamwambia kwa fahari, maana nilidhani ananiuliza kama nimemheshimu.

Akachoma pilipili moja kwa sindano mara mbili. Kisha akasema, "Sasa wanataka nini hao?"

"Ruhusa tu. Kwamba kila mtu aitumie bure."

"Bure."

"Na aweze kuibadilisha atakavyo."

"Atakavyo."

"Na hata kuiuza, akitaka."

"Kuiuza! Na mimi napata nini?"

"Hupati kitu, mama."

"Yaani niitoe bure, mtu aibadilishe, aiuze, na mimi niseme ahsante."

"Ndiyo, mama."

"Basi hakuna jipya. Binti yangu nilikupa kwa masharti hayo hayo." Akafuta mikono. "Andika. Mimi Mannoubia nairuhusu dunia nzima. Isipokuwa Zakia."

Sasa Zakia ni mdogo wake, tumbo moja, na hawasemeshani tangu harusi yangu, kwa sababu siku hiyo Zakia alionja kuskusi ya dada yake akasema mbele ya wageni kwamba imekosa maji, na wageni wenyewe walikuwa wa Hammamet, mji wa jirani. Zamani wao wawili walikuwa wanapika mlukhiya ya Mwaka Mpya pamoja, siku hizi kila mmoja na chungu chake. Nikamsihi mama kila namna. "Dunia nzima," akasema, "na hiyo ni watu wengi. Isipokuwa mmoja. Mjerumani wako ananidai nini tena?"

Mimi nikaona, dunia nzima toa mtu mmoja, si ni dunia nzima tu? Nikaituma kama ilivyo. Dagmar akajibu: "Zakia ni nani? Sheria ya ghala letu haikubali ruhusa inayomtenga mtu yeyote. Ama watu wote, ama haiingii." Kisha akalipeleka suala hilo kwenye jukwaa lao la barua, ambalo liko wazi kwa kila mwenye macho, na wale watu wa kujitolea wakaliangukia kama kuku kwenye mtama. Mpoland akauliza kama Zakia ni kampuni. Mwingine akapendekeza litengenezwe ghala la pembeni ambalo Zakia hawezi kulifikia. Mkanada akaandika kurasa mbili zilizoishia kwa, "Leo ni Zakia, kesho ni mimi." Kuna aliyechora ndege flamingo amebeba bango limeandikwa "Zakia ni wetu sote".

Na Zakia ana mtoto, Bilel, anasomea kompyuta hapo Tunis, na Bilel anasoma kila kitu. Siku ya pili yake Zakia alikuwa sokoni anapita kati ya mafungu ya viungo shingo juu, anamwambia kila anayemuuzia, "Mimi natetewa na Wajerumani, nipunguzie." Na soko la Nabeul halina siri, kabla ya adhuhuri habari zilimfikia dada yake.

"Anamtetea!" Mama Mannoubia aliingia kwangu hata viatu hakuvua. "Huyo Mjerumani alikuwepo siku ya kuskusi? Aliionja? Futa! Sasa ni marufuku dunia nzima, na wewe wa kwanza!" Tangu siku hiyo hakanyagi kwetu. Olfa hanisemeshi ila kwa kupitia vyombo, anaiweka sahani mezani kwa namna ambayo naelewa kabisa imesema nini. Ameniambia sentensi moja tu: "Umrudishe mama kabla ya Mwaka Mpya, au mlukhiya yako ukale na Dagmar."

Na hapo ndipo penye mtego wenyewe. Lango la Flamingo linakaribia kufungwa, wakishalifunga wanatengeneza toleo jipya na programu mpya haiingii tena mpaka miaka miwili ipite. Na juzi Bilel ameniletea rekodi. Zakia amejitolea sauti yake! Ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba anairuhusu dunia nzima bila sharti lolote, na Dagmar amekwisha jibu, neno moja tu, "Inafaa," na mwanamke huyu hajawahi kuniambia neno hilo tangu tufahamiane. Nikibadilisha faili moja tu, jina langu linaingia ghalani.

Tatizo dogo ni kwamba rekodi yenyewe haina ukali wowote. Hagombezi. Anaongea polepole kama mtu anayembembeleza mgonjwa: "Kwanza usikoroge. Ukikoroga unapandisha uchungu wote juu. Mimina ya juu kwenye chungu kingine, ya chini iache, usiikwangue. Tia kipande cha mkate mkavu, funika, kaa. Hakuna kilichoharibika. Tulia, dada." Sasa hiyo ni kengele gani, mtu akiisikia si analala? Na watumiaji wangu nusu ni wanaume, hiyo "dada" ni ya nani? Lakini hayo naweza kuyakata kwenye kompyuta.

Bi Beya, nitie sauti ya Zakia nifanikiwe na nifukuzwe, au niiache nibaki na vigae vyangu? Nimekuwekea hapa chini anwani ya ukurasa wangu ili uisikie programu mwenyewe, usije ukadhani natia chumvi. Nijibu haraka, lango linafungwa.

Mimi, gunia la simiti,
Ghazi wa Nabeul


BI BEYA ANAJIBU

Ghazi, barua yako nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyoniomba. Natamani na wewe ungekuwa na tabia hiyo.

Kabla ya lolote, pole. Najua uchungu wa kufanya kazi ambayo hakuna anayeiona, mimi mwenyewe nilianzia hapa gazetini kwa kuandika saa za treni. Kutaka jina lako lisomwe si dhambi. Na programu yako ni nzuri, nakwambia kweli, nimeisikiliza hapa ofisini na mhasibu wetu, mtu ambaye hajainuka kwenye kiti chake hata kwa zimamoto, aliinuka.

Pole zimeishia hapo. Umeachiwa chungu cha Mwaka Mpya ukakiunguza. Mtu mzima akakugombeza, haki yake. Wewe ukachukua ugomvi huo, ujumbe alioutuma kwa mkwewe mmoja akiwa kwenye nyumba ya msiba, ukawagawia Wareno na Wakorea wacheke, na hukumuuliza mpaka Mjerumani alipokuuliza wewe. Dagmar unamsema bure. Katika kisa chako chote yeye ndiye mtu pekee aliyesimama akauliza, "Hii sauti ni ya nani?" Swali hilo lilikuwa lako, tena mwaka mzima kabla yake. Na usinieleze habari za dunia nzima toa mtu mmoja. Karamu unayoandalia mtaa wote ukamwacha jirani mmoja, mtaa mzima utamzungumza huyo mmoja, na nyama hakuna atakayeikumbuka. Hilo Flamingo wanalijua na wewe hulijui.

Sasa nisikilize, na mikono ikae mbali na kompyuta.

Mimi na kompyuta hatuelewani sana. Natafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja. Nilipoiwasha programu yako na mama mkwe wako akaanza kunifokea, nikaanza kuandika "nimeinuka, mama" kama inavyotakiwa, na nilikuwa bado naitafuta herufi ya tatu yeye alipofika kwenye kiti. Akanyamaza. Nikadhani amemaliza. Lakini hakuwa amemaliza, Ghazi, alikuwa amesahau kuifunga simu. Kuna kimya kirefu, mlango unalia, halafu sauti ya mwanamke mwingine, nadhani mmoja wa wafiwa, anauliza, "Kuna nini, Mannoubia?" Na mama mkwe wako anajibu, sauti nyingine kabisa, sauti ambayo wewe hujawahi kuisikia kwa sababu umekuwa ukiikimbia:

"Mlukhiya ya mwaka imeungua. Na mlukhiya iliyoungua hakuna anayejua kuiokoa ila Zakia. Angekuwepo angenishika mkono tu, akaniambia, 'Tulia, dada.'"

Basi. Halafu anapenga kamasi, na programu yako inaanza upya kumwita Ghazi.

Nilikiacha kidole changu pale pale kwenye herufi. Mhasibu wetu naye alikaa.

Umeelewa, au nikuandikie kwa lugha ya vigae? Mama mkwe wako alipokuuliza, "Mpaka mwisho?" hakuwa anakuuliza kama umemheshimu. Alikuwa anauliza kama dunia imemsikia anamlilia mdogo wake. Ulipomjibu kwamba hukukata hata neno, akatoa ruhusa kwa watu wote, maana Mreno akilisikia hilo linamhusu nini, hajui hata Kiarabu. Akamtoa mtu mmoja tu. Wewe ukadhani ni chuki. Mwanamke anamtaja dada yake kwenye ruhusa ya sauti, kwenye kazi ya Wajerumani, mahali ambapo hakuna aliyemuuliza, na wewe unaona chuki! Alikuwa anaona haya, mwanangu. Hakutaka Zakia aisikie, kwa sababu Zakia ndiye aliyekuwa anaambiwa.

Na Zakia ameisikia. Una mtoto wa mtu hapo Tunis anayesoma kila kitu na kufungua kila kitu, ulitegemea nini? Huyo mama aliposhamaliza kutamba sokoni amekwenda kwake, amekaa, na amemsikiliza dada yake mpaka mwisho, kama tunavyowasikiliza watu wetu ambao tunataka kusikia kitu kutoka kwao. Kisha akaichukua simu akajibu. Usikoroge, mimina kwenye chungu kingine, tia mkate mkavu, tulia, dada. Wewe ukaipokea ukaona haifai kuwa kengele, ukataka kulikata neno "dada" kwa ajili ya watumiaji wako wanaume! Ghazi, hiyo si kengele na haikuwa yako. Umekabidhiwa jibu la mtu ulifikishe, na wewe umelipeleka Ujerumani.

Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Wewe ulichukua kinasa sauti ukakaa katikati yao. Toka katikati.

Hivi ndivyo utakavyofanya. Leo, kabla hujala, iondoe sauti ya mama mkwe wako kwenye ukurasa wako. Waliokwisha kuichukua wameichukua, maji yaliyomwagika hayazoleki, lakini bomba linafungwa. Mwandikie Dagmar, kwa adabu, kwamba sauti zote mbili umeziondoa, na utie kengele. Kengele ya kawaida, ile ya ting ting. Ikikubaliwa hivyo kabla lango halijafungwa, alhamdulillahi, jina lako litakuwa humo. Na lango likifungwa, lifungwe. Miaka miwili utahesabu vigae, vigae havijaua mtu.

Kisha nenda kwa mama mkwe wako. Usimpelekee karatasi yoyote, na neno leseni lisikutoke mdomoni. Mwombe radhi kwa chungu, kwanza chungu, kwa sababu nimeisoma barua yako mara mbili na sijaona mahali ulipoomba radhi kwa chungu. Mwombe radhi kwa sauti yake. Halafu mwambie, "Mama, nimebeba ujumbe wako kutoka kwa mama mdogo Zakia," weka simu mezani, iwashe, na utoke jikoni ukafunge mlango. Usisubiri mlangoni na usichungulie, wala usiniandikie mimi kuniambia ilikuwaje. Kama wanawake hao wawili watasemeshana, mtaa utajua, na kama hawatasemeshana, basi utakuwa umefikisha amana na mkono wako ni mweupe.

Jibu hili nimekutumia kwenye simu yako kabla gazeti halijatoka, na majina nimeyabadilisha, lakini Nabeul ni Nabeul na kila mtu atamjua Zakia. Gazeti linatoka Alhamisi. Kwa hiyo usikae hapo unanisoma mara ya pili.

Siku ya Mwaka Mpya mlukhiya utaipika wewe. Wewe mwenyewe, tangu mafuta yanapotiwa mpaka nyama inapolainika, ukisimama, bila programu na bila kiti. Waite wote wawili. Olfa atakuonyesha vipimo, akikubali kusema nawe. Ukiiharibu, kuna mtu mezani anayejua kuiokoa, na itakuwa mara yako ya kwanza kuunguza chungu kwa faida.

Na ikija siku mama mkwe wako mwenyewe aseme, bila kuombwa, "Mtie kila mtu, mtie na Zakia," hapo ndipo uirudishe sauti yake, nzima, na Dagmar atakuandikia lile neno lake moja.

Lakini hayo ni ya baadaye. Leo, ukishatoka jikoni, baada ya muda utasikia unaitwa kwa jina, kwa sauti ile ile unayoijua. Atakuwa na mengi ya kukuambia, tangu chungu mpaka Korea, nayo yatakuwa marefu. Nenda ukakae mbele yake. Atafika kwenye gunia, atafika kwenye kiti, atanyamaza, na wewe utadhani amemaliza. Usiinuke.